Sheria za misitu zinapofika zahanati: afya ya wakazi wa mto Turkwel

Ukimtajia mkazi wa mjini sera ya misitu, huenda akafikiria Mau, Aberdare au Kakamega. Turkana haimjii akilini. Wengi huijua kaunti hiyo kwa jua kali, ukame na kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wala hawadhani kwamba kuna msitu wa kuzungumziwa.

Msitu upo, na afya ya maelfu ya familia inautegemea. Kinachoamuliwa Nairobi kuhusu kukata, kupanda au kuchoma miti hufika mpaka kwenye chumba cha daktari, kikiwa kimegeuka kikohozi cha mtoto, mguu uliovimba kwa mwiba, au mizani inayoonyesha kwamba mtoto hakuongeza uzito.

Tuangalie Lorugum. Huu ni mji mdogo ulio magharibi ya Lodwar, katika kaunti ndogo ya Loima, kando ya mto Turkwel. Mto huo huanzia mlima Elgon, hukatiza nyika kavu na kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Kandokando yake kuna ukanda wa miti mikubwa ambao kwa mbali huonekana kama mstari wa kijani katikati ya mchanga. Ukanda huo ndio ghala, malisho, duka la dawa na kivuli cha wenyeji.

Mti ni maziwa ya mtoto

Mti mkuu wa ukanda huo ni mgunga, ambao Waturkana wa eneo hili huuita ewoi. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha, maganda ya ewoi huanguka chini na kuwa chakula cha mbuzi. Mbuzi akila maganda hayo huendelea kutoa maziwa kidogo. Maziwa hayo ndiyo protini, mafuta na madini ya mtoto wa miaka miwili ambaye hana chakula kingine cha maana isipokuwa uji wa unga.

Kwa hiyo mtu anapoangusha mgunga mmoja uliokomaa, hesabu haiishii kwenye magunia ya mkaa aliyopata. Kuna mbuzi waliokosa maganda, na kuna mtoto aliyekosa maziwa katika miezi ile ambayo utapiamlo huwa mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa hali ni ya dharura pale utapiamlo mkali unapopita asilimia 15 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Sehemu za Turkana zimevuka kiwango hicho mara nyingi, ukiwemo ukame wa 2020 hadi 2022 ambapo mvua zilikosa misimu mitano mfululizo.

Miti mingine huliwa moja kwa moja. Kuna edome na matunda yake matamu, kuna mkoma, na kuna edapal na edung ambazo huokoa watu wakati wa njaa. Matunda ya edung hayaliwi hivihivi. Akina mama huyachemsha kwa saa nyingi na kumwaga maji mara kadhaa ili kuondoa uchungu na sumu. Msomaji aone hapa jambo ambalo watunga sera hulisahau: chakula hicho cha msituni huwa salama pale tu penye kuni za kutosha. Kuni zikipungua, mama hufupisha upishi, na familia yaweza kupata maumivu ya tumbo na kutapika.

Mti wa mswaki, ambao Waturkana huuita esekon, umesafisha meno ya vizazi vingi, na mizizi na magome ya miti mingine hutumiwa kama dawa za kwanza kabla mgonjwa hajafikishwa kituo cha afya kilicho mbali.

Miti ilikuwa na wenyewe

Kosa kubwa la sera za zamani lilikuwa kudhani kwamba msitu huu hauna mwenyewe. Waturkana wa kando ya Turkwel wana utaratibu uitwao ekwar. Familia huwa na haki juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto, hasa maganda na matunda ya wakati wa kiangazi. Haki hiyo hurithiwa. Mgeni anayetaka kulisha mbuzi wake hapo huomba ruhusa, na ugomvi ukitokea wazee huketi na kuamua. Mti mbichi haukatwi ovyo, maana kila mtu anajua ni mti wa nani.

Serikali ilipokuja na mipango yake, mara nyingi haikuuliza habari za ekwar. Mashamba ya unyunyizaji kama lile la Katilu, lililoanzishwa katika miaka ya 1960, yalihitaji ardhi ileile ya kando ya mto. Miti ilifyekwa na viwanja vikagawiwa kwa utaratibu mwingine. Nia ilikuwa njema, kwani watu walikuwa na njaa. Lakini mahali ambapo mwenye miti aliambiwa kwamba miti si yake tena, hakuwa na sababu ya kumzuia mwenye shoka.

Mwaka 1991 bwawa la umeme la Turkwel lilikamilika huko juu. Mto uliokuwa ukifurika na kukauka kwa majira yake sasa hufuata pia ratiba ya mitambo, na msitu wa kando ya mto ni msitu uliozoea mafuriko.

Mathenge: dawa iliyogeuka ugonjwa

Katika miaka ya 1970 na 1980, serikali na wafadhili walikuwa na hofu ya jangwa kusambaa. Walileta mti wa kigeni kutoka Amerika unaostahimili ukame, ambao Wakenya wameuita mathenge na Waturkana huuita etirae. Ulipandwa Baringo, Turkana, Tana River na kwingineko ili utoe kuni na kuzuia mchanga.

Ulikubali kuota, tena kupita kiasi. Mbuzi hula maganda yake na kusambaza mbegu kwa kinyesi. Mti ukikatwa bila kung'olewa, kisiki huchipua matawi mengi kuliko ya kwanza. Umeziba njia za mifugo na za watu, umefika hadi mtoni, na kuvamia mahali ambapo miche ya ewoi ingeota.

Huko Baringo, jamii ya Ilchamus ilienda mahakamani mwaka 2006 kuilaumu serikali kwa mti huo, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mbele ya mahakama kama ushahidi, kwa kuwa maganda yenye sukari nyingi huharibu meno ya mifugo. Mwaka 2008 serikali yenyewe iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari.

Kwa daktari, mathenge ni miiba kwanza. Mwiba wake ni mrefu, mgumu, na hupenya kandambili na hata kiatu cha raba ya gurudumu. Ukivunjika ndani ya nyama, jeraha hufunga juu huku usaha ukikusanyika chini. Ukiingia karibu na kiungo, kifundo cha mguu au goti laweza kuharibika. Na kila jeraha la aina hiyo ni mlango wa pepopunda kwa mtu asiyechanjwa.

Kisha kuna malaria. Mbu hawaishi kwa damu tu. Dume na jike hunywa maji matamu ya maua ili wapate nguvu, na mathenge hutoa maua hata wakati mimea mingine imekauka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Mali, Afrika Magharibi, ulionyesha kwamba katika vijiji ambako matawi yenye maua ya mathenge yalikatwa, mbu walipungua sana, hasa wale majike wakongwe ambao ndio husambaza malaria. Mali si Turkana, na matokeo ya kule hayawezi kuhamishwa kama yalivyo. Hata hivyo ni sababu nzuri kwa afisa wa afya na afisa wa misitu kuketi meza moja.

Marufuku na sufuria

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikuwa hatua mbele kwa sababu iliwatambua wananchi kama washirika wa uhifadhi. Kanuni za mkaa za mwaka 2009 zilitaka wachomaji wajiunge katika vyama na wapate vibali vya kuchoma na kusafirisha. Sheria mpya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ikafuata mwaka 2016.

Ndipo Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Hatua hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 90, lakini iliongezwa tena na tena kwa miaka kadhaa. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa, na muda mfupi baadaye suala hilo likafikishwa mahakamani.

Sisemi marufuku ile haikuwa na sababu. Mito ilikuwa ikikauka na misitu ya maji ilikuwa ikiibwa mchana. Lakini amri iliyofikiria malori ya mbao ya nyanda za juu humfikia pia mama wa Loima mwenye gunia moja la mkaa. Mkaa ukiwa gunia, ni vigumu kutofautisha uliotokana na mathenge, mti ambao serikali inataka upungue, na uliotokana na ewoi, mti ambao kila mtu anataka ubaki. Penye hofu ya kukamatwa njiani, wote wawili huuzwa kwa siri na kwa bei ya hasara.

Tuseme kuna mama mwenye watoto wanne ambaye mbuzi wake walikufa kwa ukame. Mkaa ndio unaomnunulia unga, sabuni na nauli ya hospitali. Njia hiyo ikifungwa bila nyingine kufunguliwa, hataacha kuchoma. Atakwenda mbali zaidi, usiku, akiwa na mtoto mgongoni, mahali penye nyoka na pasipo na wa kumsaidia akishambuliwa. Atapunguza mlo mmoja. Atachelewa kumleta mtoto mwenye homa kwa kuwa hana nauli. Katika daftari la hospitali tutaandika nimonia kali au utapiamlo. Hatutaandika sera ya misitu, ingawa nayo imo.

Kakuma: chakula hubadilishwa kwa kuni

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016. Kwa pamoja yana watu zaidi ya 250,000, mji mkubwa katikati ya nyika ambayo haikuwa na kuni za kutosha hata kwa wenyeji.

Ili kulinda miti na kuzuia ugomvi, wakimbizi wamekatazwa kukata kuni nje ya kambi. Mashirika hununua kuni kutoka kwa wenyeji na kuzigawa, lakini mgao huo haujawahi kutosha kupikia mwezi mzima. Matokeo yake ni kwamba mkimbizi huuza sehemu ya unga na maharagwe ili apate mkaa, na mama Mturkana huleta mkaa ili apate unga. Mgao wa chakula unapopunguzwa kwa ukosefu wa fedha, kama ilivyotokea miaka ya karibuni, kaya zote mbili hulala njaa.

Tena chakula cha msaada ni cha kuchemsha kwa muda mrefu. Maharagwe makavu yaliyopikwa nusu huumiza tumbo. Maji ya kunywa yasiyochemshwa huleta kuhara, na katika kambi iliyojaa watu kuhara kwaweza kuwa kipindupindu.

Moshi nao unaua

Kwa Lorugum, kwa Kakuma na kwa mitaa ya mabanda ya Nairobi, moshi ni adui mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana na kuni, mkaa, kinyesi cha wanyama na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Moshi hudhoofisha kinga ya mapafu, na mtoto hupata nimonia kwa urahisi. Kwa mtu mzima huleta ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, na mtoto wa jicho. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi kuliko kavu, na pale ambapo kuni kavu zimekwisha, kilichobaki kukatwa ni mti mbichi.

Mkaa hutoa moshi mchache, na ndiyo sababu watu wa mjini huupenda. Lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo kila msimu wa baridi huua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

Serikali ifanye nini?

Kwanza, ekwar itambuliwe kisheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yao, na sheria ya misitu ya mwaka huohuo inatambua misitu ya jamii. Serikali ya kaunti inaweza kutumia sheria hizo mbili kuandika ni familia ipi inasimamia sehemu ipi ya mto. Askari wa misitu ni wachache, ilhali wenye ekwar wako pale usiku na mchana.

Pili, mkaa wa mathenge utengwe na mkaa wa miti ya kiasili. Ukaguzi ufanyike msituni, pale mti unapokatwa, badala ya kusubiri gunia kwenye kizuizi cha barabarani. Vyama vipewe vibali kwa masharti kwamba vitang'oa visiki. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imekuwa ikifundisha kusaga maganda ya mathenge kuwa chakula cha mifugo. Kusaga huua mbegu, na meno ya mbuzi hupona.

Tatu, kabla ya marufuku yoyote kutangazwa, kaya zinazoishi kwa mkaa zihesabiwe na kusaidiwa. Mpango wa HSNP, ambao hutuma pesa kwa kaya maskini za kaskazini, tayari upo Turkana. Ungetumiwa kuziba pengo la miezi ya kwanza.

Nne, serikali inataka kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hilo ni jema. Lakini mathenge nao ulikuja kama mradi wa kupanda miti. Safari hii wenyeji waulizwe mti gani mbuzi wao anakula na mtoto wao anahitaji.

Ushauri wa daktari

Pika nje, au mahali penye dirisha na mlango wazi. Usipike ukiwa na mtoto mchanga mgongoni, kwa kuwa pua yake iko kwenye moshi pamoja na yako.

Loweka maharagwe na pure usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa sufuria yenye kifuniko. Utaokoa kuni nyingi, na chakula kitaiva vizuri.

Usilale na jiko la mkaa chumbani. Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wanahisi kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, watoe nje kwenye hewa safi na uwapeleke hospitali.

Hesabu pumzi za mtoto anayekohoa akiwa ametulia. Akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje hata saa moja.

Ukichomwa na mwiba, osha kwa maji safi na sabuni. Usichimbe kwa sindano chafu. Maumivu yakizidi siku mbili au tatu, au mwiba ukiwa karibu na kiungo, mwone daktari, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe sumu wala kufungwa kamba kwa nguvu. Mtulize, mzuie kutembea, zuia kiungo kilichoumwa kisisogee, na umpeleke hospitali haraka.

Wanaokula edung na matunda mengine ya njaa wafuate njia ya wazee bila kuruka hatua, na kumwaga maji kila mara. Lala ndani ya chandarua, hasa kando ya mto.

Na wewe msomaji wa mjini, utakaposoma tena kwamba mkaa umepigwa marufuku au umeruhusiwa, uliza swali moja zaidi ya bei ya gunia: wale waliokuwa wakiishi kwa mkaa huo wamepangiwa kula nini mwezi ujao?